Fidla Yenye Harufu ya Udi

Jumatano iliyopita mwanafunzi wangu wa saa kumi, mtoto wa miaka tisa asiyechoka kuuliza, alifungua kasha la fidla yake pale Upanga, nami nikainama kunusa kabla hata sijaitikia shikamoo yake. Bibi yake alikuwa amelihifadhi kasha kabatini pamoja na nguo za harusi, na udi ulikuwa umeingia mpaka kwenye mbao.

"Mwalimu, mbona unanusa?"

Nikamwambia naangalia kama gundi imeachia. Si uongo mkubwa. Kwa joto hili la Dar fidla huachia gundi kweli. Ila sicho nilichokuwa nanusa.

Habari za Babu wa Gerezani, mpigaji fidla wa taarab, nimeshawachosha nazo. Mtu wa Egyptian, klabu ya taarab ya hapa Dar, tangu ujana wake. Ukiitaja Al-Watan, klabu pinzani, mbele ya kahawa yake, kahawa inapoa. Mwaka ule, 1997, harusi zilikuwa zimeshahamia kwenye kinanda cha umeme. TOT na Muungano, vikundi vya taarab ya kisasa, wanarushiana mipasho, na kinanda kimoja kinafanya kazi ya fidla nne bila kudai nauli. Babu alibakiwa na kazi chache za wazee wenzake waliokuwa wakiozesha wajukuu. Kwa hiyo alipopata harusi Ilala, usiku wa kuamkia mtihani wangu wa fidla, nani angethubutu kumwambia aiache fidla nyumbani? Ilikuwa yake. Mimi nilikuwa naiazima tu.

Jumamosi nilijifunza noti kwa mama mmoja wa Kizungu, kwenye ukumbi wa kanisa. Siku nyingine Babu alipiga, nami nikafuatisha. Sikuona ugomvi wowote kati ya walimu wangu wawili, isipokuwa jambo moja. Nyuzi za mama yule zilikaa G, D, A, E, kama kitabuni. Babu akienda kazini alizishusha zile mbili nyembamba, ikawa G, D, G, D, kama wapigaji wa Kiarabu, na hapo taarab inatulia, uzi mmoja unamwitikia mwenziwe. Akirudi anazipandisha. Anazipandisha yeye. Mimi nilikatazwa hata kugusa vigingi vya kukazia nyuzi, maana uzi ukikatika ni kusubiri mtu mwenye safari ya Nairobi.

Alfajiri ile alirudi amechoka, akaniachia kasha mlangoni, akaenda kulala. Nikalikumbatia, nikapanda daladala ya Posta.

Mtahini alikuwa mzee wa Kiingereza, mwekundu kwa joto, shati limemganda mgongoni. Karatasi zake kazikandamiza kwa glasi ya maji zisipeperushwe na feni. Akaniuliza kitu. Nikajibu kwa Kiingereza changu cha kidato cha kwanza: hapana, asante. Baadaye sana ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa ananiuliza kama ningependa kutuni kwanza.

Akaomba skeli ya G, oktavu mbili.

Nikaanza vizuri. Do re mi fa kwenye uzi mnene, so la ti do kwenye wa pili, upinde unateleza, nikaanza hata kujisikia. Nikavuka kwenda uzi wa tatu. Badala ya re, ikatoka do ileile niliyotoka kuipiga. Mkono haukusimama, mkono haujui aibu. Ikafuata re, kisha mi iliyoshuka, mi yenye huzuni, kisha fa. Nikapanda uzi wa mwisho: so, la, na pale nilipotakiwa kufika nyumbani, kwenye do ya juu, nikakanyaga sauti iliyo chini hata ya ti. Waimba kwaya mtanielewa. Ni kama kupanda ngazi gizani, unainua mguu, ngazi haipo.

Kibaya zaidi, ilikuwa nzuri. Kuanzia uzi wa tatu ile haikuwa skeli tena, ilikuwa mwanzo wa wimbo. Ungedhani bibi harusi anasubiriwa mlangoni. Feni inazunguka. Kidevu changu kiko kwenye mbao na harufu ya udi inanipanda puani, udi na jasho la Babu na pilau kwa mbali, na kwa muda huo mfupi mimi sikuwa kwenye mtihani, nilikuwa Ilala, kwenye harusi ambayo sikualikwa.

Mzee akaweka penseli chini. Akaja, akainyoosha mikono kuipokea fidla, akagusa nyuzi moja moja kwa kidole gumba. Akanusa. Naapa alinusa. Kisha akabonyeza A kwenye piano na kuanza kukaza. Kigingi kilikuwa kimevimba kwa unyevu, kikalia kama mlango wa choo cha uani, nami nikafumba macho nikihesabu miezi ya kusubiri msafiri wa Nairobi.

Haukukatika. Lakini uzi uliopandishwa ghafla haukai. Katika vipande vyote vitatu ulikuwa unashuka taratibu na mimi naufukuzia kwa vidole. Nilifaulu kwa alama chache. Sijui kama zilikuwa alama za kitabu au za kufukuzia.

Babu aliamka saa nane mchana, akaifungua fidla, akapitisha upinde mara moja.

"Nani kakaza nyuzi zangu?"

"Mzungu, Babu."

"Kakosea?"

"Hapana. Kakaza sawasawa."

Akaguna, akazishusha tena, kwa kuwa jioni alikuwa na kazi nyingine. Mtihani hakuuliza.

Basi Jumatano, mtoto alipokwenda kunywa maji, nikazishusha zile mbili nyembamba. Kusikiliza tu. Sikumsikia akirudi.

"Mwalimu, umeiharibu?"

"Kidogo," nikasema, nikaanza kuzipandisha.