Kiingereza cha Saa Kumi Jioni, Moshi

Mwezi wa Aprili mwaka 2018 nilikaa Moshi kwa majuma kadhaa nikimuuguza dada yangu, aliyekuwa amelazwa katika Hospitali ya KCMC. Nilitoka kwetu Mombasa kwa basi, nikapita Voi na Taveta, nikavuka mpaka pale Holili, na kwa kuwa sikuwa na jamaa mjini nilipanga chumba katika hoteli ndogo kando ya barabara iendayo hospitalini. Kati ya saa za kuwaona wagonjwa nilirudi hotelini kupumzika, na hapo ndipo nilipofahamiana na wanafunzi wachache wa chuo cha hoteli waliokuwa fildi, yaani kwenye mafunzo ya vitendo.

Aprili ni kilele cha masika. Wapanda mlima wengi huja kati ya Juni na Oktoba, au Januari na Februari kabla mvua kubwa hazijaanza, hivyo hoteli za Moshi mwezi huo huwa na vitanda vingi kuliko wageni. Wanafunzi wale walipiga pasi vitambaa vya meza vilivyokwisha kupigwa pasi, wakafuta bilauri zilizokuwa zikimeremeta tayari, na alipotokea mgeni mmoja wa Kizungu walianza kusukumana nani aende kumsikiliza. Mimi walinipa shikamoo kwa adabu ya kupendeza na kunihudumia kwa ufasaha, kwa sababu tulizungumza Kiswahili. Kwa yule mgeni walishikwa na kigugumizi.

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza wa shule ya sekondari, na jambo lile lilinigusa, kwa maana vijana wale hawakuwa watu wasiokijua Kiingereza. Shule za msingi za serikali nchini Tanzania hufundisha kwa Kiswahili, kisha mtoto akiingia kidato cha kwanza masomo karibu yote hugeuka kuwa ya Kiingereza. Hawa walikuwa wamemaliza kidato cha nne, na binti mmoja kutoka Rombo alijaza daftari lake la fildi kwa sarufi ambayo ningeipa alama nzuri darasani kwangu. Walichokosa ni mtu wa kuzungumza naye. Katika darasa lenye wanafunzi wengi husema wawili watatu, wengine hunakili, na anayekosea huchekwa. Basi mtu hujifunza kunyamaza.

Nilimwomba meneja, mama wa Kichaga aliyeijua kazi yake barabara, aniachie vijana hao kwa muda kila jioni baada ya chai ya saa kumi.

"Wachukue, mama," akasema. "Mimi nikiwasemesha Kiingereza wananijibu kwa Kiswahili."

Tulianza na simu ya mapokezi. Nilikaa kwenye meza ya kona nikiwapa mgongo, ili wasipate msaada wa uso wangu wala wa mikono yangu, nikaomba chumba kuanzia tarehe 13. Karibu wote waliandika 30. Kwa Kiingereza namba hizo mbili hutofautiana kwa mkazo na kwa sauti ndogo ya mwisho ambayo kwenye simu humezwa kabisa, na mgeni aliyeandikiwa tarehe isiyo yake hufika usiku kutoka uwanja wa ndege wa KIA akakuta hana chumba. Tukakubaliana kwamba kila tarehe itarudiwa kwa kutaja pia siku ya juma.

Jambo lililotuchukua jioni nyingi zaidi lilihusu karanga. Siku moja kijana kutoka Same aliniletea sahani ya mchicha uliopikwa kwa karanga. Nikamuuliza kwa Kiingereza, kama wageni wengi wanavyouliza: hakuna karanga humu? Akanijibu hapana. Kwa mantiki ya Kiswahili alikuwa amesema kweli tupu, kwani alikuwa akikanusha maneno yangu: hapana, si kweli kwamba hakuna, karanga zimo. Mwingereza au Mmarekani angesikia kinyume chake, kwamba karanga hazimo, na angekula. Wapo watu ambao kiasi kidogo tu cha karanga huwafunga koo na kuwazuia kupumua, na wanaweza kufa wasipopata dawa haraka. Nilimweleza hayo polepole, akaitazama ile sahani kwa muda.

"Kwa hiyo mama, niseme nini?"

Nilimwambia asiliache neno la kukubali au la kukataa likasimama peke yake. Alifuatishe sentensi nzima yenye jina la chakula ndani yake, kwamba karanga zimo au hazimo. Na kama hana hakika, aseme kwamba anakwenda kumuuliza mpishi, kisha aende kweli. Walilifanyia mazoezi hilo kwa maziwa, mayai, samaki na unga wa ngano, wakibadilishana nafasi ya mgeni na ya mhudumu, mpaka mpishi mwenyewe akawa anachungulia mlangoni kujibu.

Kulikuwa na kizuizi kingine, na hiki kilitokana na malezi mema. Walikuwa wakiitikia hata wasichokielewa. Nilipotaja kwa makusudi vitu vitano kwa haraka, yule kijana wa Same aliinamisha kichwa, akaitikia, akaondoka, akarudi na vitu viwili. Nilipomuuliza kwa nini hakuniomba nirudie, alisema, "Mama, ukimuuliza mgeni mara ya pili, si ni kama unamwambia hajui kusema?" Niliiheshimu hoja hiyo, kwa kuwa ndivyo nasi tulivyolelewa Mombasa mbele ya wakubwa. Lakini nilimkumbusha kwamba wageni wengi wanaopita Moshi kuelekea lango la Machame au la Marangu kupanda Mlima Kilimanjaro ni Wajerumani, Wafaransa, Waholanzi na wengineo, ambao Kiingereza kwao pia ni lugha ya kujifunza, na kwamba anayerudiwa oda yake hujua amesikilizwa. Naona vyuo vyetu hutumia muda mwingi mno kukaririsha majina ya visu na bilauri, na muda mchache mno kumzoesha mwanafunzi kuuliza.

Malalamiko hayakutusumbua sana. Nilipolalamika kwamba maji ya bafuni ni baridi, kila mmoja alinipa pole ya dhati kisha akaishia hapo; ilibidi tu kuongeza nani atatumwa na maji yatapatikana saa ngapi.

Jioni moja mvua ikinyesha aliingia mama wa Kiholanzi, akaketi, akauliza kama mtori una maziwa. Sikuinuka kwenye kiti changu. Binti wa Rombo alirudia swali, akasema anakwenda kumuuliza mpishi, na aliporudi alieleza kwa sentensi kamili kwamba mtori hauna maziwa, bali umepikwa kwa ndizi na nyama ya ng'ombe. Mama yule alikuwa hali nyama, na hakuwa amefikiri kuiulizia. Walizungumza kwa muda mrefu kuhusu kitu gani kingefaa badala yake, yule binti akikosea hapa na pale bila kusita, na mwishowe akampelekea wali na maharage ya nazi. Nilifurahi kama aliyefaulu mtihani ni mwanangu.

Dada yangu aliporuhusiwa kutoka hospitali, nilikwenda kulipa bili na kumuaga meneja. Aliniambia kwamba ameamua saa ile ya jioni iendelee hata msimu wa wageni ukianza, mradi meza ziwe zimekwisha kupangwa, na kwamba nafasi ya mgeni ataishika binti wa Rombo, kwa sababu maswali yake yamekuwa magumu kuliko yangu.