Klachi Inaungua

Jana jioni tulikwama mlimani nyuma ya gari lenye herufi L. Halikuwa bovu. Aliyeshika usukani alikuwa ananyanyua klachi, gari linatetemeka, linazimika, anawasha tena. Mara ya tatu ile harufu ikaingia dirishani, binti wa kaka yangu akaziba pua.

"Shangazi, kuna kitu kinaungua."

Nikamwambia ni klachi. Ukiiachia nusu, sahani yake haishiki wala haiachii, inabaki kusuguana tu huku injini inanguruma, mpaka inatoa harufu kama ya karatasi na nywele zilizochomwa pamoja. Kabla sijamaliza alikuwa ameshazama kwenye simu yake. Mimi nami nilikuwa nimeshafika kwenye mlima mwingine.

Siku niliyopata leseni nimeisimulia mara nyingi kuliko inavyostahili. Ninachokiruka kila mara ni kwamba ule ulikuwa mtihani wangu wa pili. Wa kwanza niliangushwa na vioo. Si kwamba nilivivunja, hapana. Siku hiyo niliingiza gari kinyumenyume kwenye nafasi bila kugusa ukingo, nikawasimamia watu kwenye pundamilia, nikabadilisha gia laini mpaka nikajionea fahari. Tuliporudi, mtahini akafunga kalamu yake.

"Hutazami vioo."

"Nilitazama."

"Mimi sikukuona ukitazama."

Nililia, na kilio chenyewe kilikuwa cha hasira. Kutazama nilitazama, wallahi, ila kwa mboni za macho tu, shingo imekakamaa kama ya mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Nikaenda kumshtakia mwalimu wangu nikidhani atanitetea. Mzee akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Ana haki. Yeye hakai ndani ya macho yako."

Kisha akashuka garini. Akaniambia nikae vivyo hivyo, nimfuate kwa kioo cha pembeni, naye akaanza kutembea kutoka nyuma kuja mbele. Nilimwona vizuri: koti lake, kofia yake, mikono nyuma. Akakaribia, akakaribia, halafu hayupo. Mzee mzima na koti lake kapotea! Nikatazama kioo cha ndani, hayupo. Nikadhani amechuchumaa ananitania. Ghafla bodi likagongwa, ko, ko, karibu kabisa na mlango wa nyuma.

"Nipo hapa," akasema. "Sasa ondoa gari, unikanyage."

Wiki zilizofuata aliniwekea sharti moja: kila ninapoondoka, vioo kwanza, halafu nigeuze shingo nzima juu ya bega, kama bundi. Mengine sitawachosha nayo. Kuna siku ya kurudi nyuma kwenye kona, siku ya kuzimika katikati ya makutano huku honi zote za dunia zikinililia, na siku ya kuhesabu sekunde mbili nyuma ya gari la mbele kwa sauti, kwa sababu kwenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa kila sekunde inakula karibu mita 14, na mzee alitaka mguu wangu ulijue hilo, si kichwa changu peke yake. Lakini bundi ndiye aliyenikaa. Na niseme ukweli: nilimfuga bundi yule kwa ajili ya mtahini. Safari hii ataniona nikitazama. Hata akiwa kipofu ataniona.

Siku yenyewe ikaja. Kiti, vioo, mkanda, viganja vimelowa. Tukazunguka. Sikumbuki kona hata moja.

Ninachokumbuka ni mlima. Katikati ya mwinuko akasema, "Simama hapo pembeni." Nikasimama, nikavuta breki ya mkono. Akaandika kitu. Nikatamani kukisoma kwa pembe ya jicho. "Ukiwa tayari, ondoka."

Gia ya kwanza. Mafuta kidogo. Nikainyanyua klachi taratibu mpaka sauti ya injini ikashuka, kama mtu aliyetwishwa mzigo ghafla, na pua ya gari ikainuka kidogo. Hapo ndipo inaposhika, na hapo ndipo mguu wa kushoto huanza kutetemeka wenyewe. Indiketa, tik, tik, tik. Kioo cha ndani, barabara tupu. Kioo cha pembeni, tupu. Vidole vyangu vimeshabonyeza kitufe cha breki ya mkono. Kilichobaki ni maigizo yangu tu, nikageuza shingo kama niko jukwaani.

Nikakutana uso kwa uso na mtu.

Alikuwa kwenye baiskeli, amesimama juu ya pedali, anaupanda mlima kwa uzito wake wote. Alikuwa usawa wa mlango wa nyuma, karibu kiasi kwamba niliona kifungo kimoja cha shati lake hakipo. Kwenye kioo hakuwepo. Kwa kweli, hakuwepo! Na mwendo wake ulikuwa wa mtu asiye na haraka na mlima wala na mtihani wa mtu. Mnyororo unalia kri, kri. Goti linapanda, goti linashuka. Akapita dirishani kwangu bila kunitazama, akiwa na jasho kwenye nyusi, nami nimekaa na klachi nusu, nimesahau kabisa kwamba naweza kuikanyaga chini nikapumzika. Harufu ikaanza kupanda. Mtahini akanusa, wazi kabisa, akaandika tena.

Basi, nikajisemea, nimeanguka tena.

Baiskeli ilipotangulia mbele nikageuza shingo mara ya pili. Safari hii sikuwa naigiza. Nikashusha breki ya mkono, gari likapanda bila kurudi nyuma hata unyayo.

Nikafaulu. Kosa alilonitajia ni moja tu: "Usikalie klachi, utaiunguza." Kuhusu baiskeli hakusema neno. Nilisimama pale na karatasi yangu mkononi, nikitaka kumuuliza kama alimwona yule mtu, kama ndiye aliyenipa leseni au ni shingo yangu. Nikaona aibu. Mwalimu nilimwambia nimefaulu, habari ya baiskeli nikamficha. Ningeanzaje kumweleza kwamba nilikuwa naigiza, na katikati ya maigizo mtu wa kweli akajitokeza? Pengine angecheka. Pengine angeninyang'anya funguo.

Mwaka wa kwanza shingo iligeuka kila nilipoondoka. Mwaka wa pili nao, nadhani. Baada ya hapo sina uhakika, maana hakuna tena mtu kando yangu mwenye kalamu.

Jana yule mwanafunzi hatimaye aliipata klachi yake. Gari lake likaruka mara mbili kama mbuzi, kisha likapanda. Nyuma yangu wakaanza kupiga honi. Nikaingiza gia ya kwanza, nikasikiliza sauti ishuke, nikatazama vioo, kisha nikageuza shingo nzima juu ya bega, na kuiacha nikaiacha pale kwa muda.

Mtoto akainua macho kutoka kwenye simu. "Shangazi, unamtafuta nani?"