Siku moja ya afisa wa probesheni Kisumu: nani atamchukua?

Saa kumi na mbili asubuhi. Niko stejini Mamboleo, simu sikioni, nampigia mama mtu kwa mara ya nne tangu jana. Mteja hapatikani. Wiki iliyopita alipokea mara moja tu, akasema hakujua binti yake ana mimba, na kwamba aliyempeleka Kisumu kufanya kazi ya nyumba ndiye aulizwe. Kesi ya binti ni leo. Jina lake silitaji hapa, hata la kubuni.

Saa moja na nusu, rimandi ya watoto. Ana miaka 16, tumbo la wiki 30, na kikombe cha uji kinapoa mkononi.

"Madam, umeniletea odowa?"

Kwa msioishi huku, odowa ni yale mawe laini ya kula. Yanauzwa sokoni kwa mafungu, na wajawazito wetu huyatafuna kama njugu. Sikuleta. Namkumbusha muuguzi alivyosema kuhusu upungufu wa damu. Ananuna. Nafurahi, maana wiki ya kwanza alikuwa hata hanuni, anakaa tu.

Anadaiwa kuiba simu na shilingi 14,000 za mwajiri wake. Yeye anasema alifanya kazi miezi saba bila kuona mshahara. Nikigusia baba wa mtoto, anageukia dirisha. Kwa Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, aliye chini ya miaka 18 hana ridhaa ya kutoa, kwa hiyo nyuma ya faili hii ya wizi kuna nyingine ambayo haijafunguliwa. Nimeshazungumza na afisa wa watoto. Leo simbani, ana korti ya kutosha.

Saa tatu. Mlango unafungwa, wasiohusika wanabaki nje. Hakimu ni mpole, anamuuliza kama anataka kukaa. Kisha anaigeukia meza yangu: "Akitoka hapa, nani atamchukua?"

Ibara ya 53 ya Katiba inasema mtoto azuiliwe kama hatua ya mwisho tu, na kwa muda mfupi kabisa. Ni maneno mazuri, nayapenda. Lakini nimeona wasichana wakikaa ndani kwa sababu hakuna mtu mzima aliyeinua mkono, si kwa uzito wa kosa. Kijana wa kiume mwenye kosa hilohilo, mjomba wake anakuja asubuhi na matatu ya kwanza. Msichana mwenye tumbo, simu za ukoo mzima huzimika.

Naomba muda. Faili inawekwa kando hadi saa nane na nusu.

Saa tano, Ahero. Bodaboda inanishusha kando ya mfereji wa mashamba ya mpunga. Nyanya yake mzaa mama, Dani kwa Kijaluo, anafukuza ndege, anagonga debe kwa fimbo.

"Dani, nimetoka kortini, ni kuhusu mjukuu wako."

"Amekufa?"

"Hajafa, Dani. Ana mimba, na ana kesi."

Anamwita mtoto wa jirani, anamkabidhi debe. "Ngoja nivae viatu."

Lazima nikague nyumba, ndiyo kazi. Kitanda kimoja, chandarua chenye matundu, choo kizuri. Atalala wapi? "Na mimi." Na mtoto akizaliwa? "Katikati." Naandika hivyohivyo. Tunapitia kwa chifu kuchukua barua, kisha matatu, Dani ameshika vitambulisho viwili, chake na cha marehemu mumewe, eti wakitaka ushahidi zaidi.

Saa nane na nusu hakimu anamkabidhi kwa nyanya bila kudai hata shilingi. Masharti: asikose kliniki, aripoti kwangu kila wiki mbili, kesi iendelee akitokea nyumbani.

Na kliniki yenyewe ilikuwa leo. Tunafika saa kumi kasoro, muuguzi anafunga. Anamtazama Dani, anafungua tena. Anapima presha mara mbili, kwani kwa mimba ya kwanza katika umri huu presha hupanda kimyakimya. Tembe tatu za kuzuia malaria zinamezwa mbele yake, ndivyo inavyofanywa huku ziwani, halafu chandarua kipya. Msichana ananiuliza kama shule humpokea mtu anayenyonyesha. Namwambia mwongozo wa Wizara ya Elimu wa 2020 unataka apokewe, na kwamba mwalimu mkuu akisita tutaenda pamoja. Dani anauliza bei ya chandarua. Ni bure. Anakikunja upya, vizuri zaidi.

Jioni ni ripoti. Fomu yangu haina nafasi ya mtoto wa mtoto, kwa hiyo namwandika pembeni kwa kalamu.

Saa mbili usiku mama mtu ananibipu. Nampigia.

"Amefika kwa mama?"

"Amefika."

Kimya. Nasikia redio ya mtu mwingine.

"Bado anakula odowa?"