Dakika Moja kwa Kila Mtoto

Jumatano usiku, Januari

Leo rejista ya darasa la kwanza imefika majina 132. Jana yalikuwa 129. Wa mwisho ameletwa saa nne asubuhi na bibi yake, wametembea kutoka kitongoji cha ng'ambo ya mto.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Nimekuletea mjukuu. Si wanasema shule ni bure?"

Mtoto kavaa shati la kaka yake, linamfika magotini. Mkononi daftari moja, limekunjwa katikati, na kipande cha penseli kilichochongwa kwa kisu. Nimeandika jina lake, nikamkalisha sakafuni mbele, karibu na miguu yangu, maana madawati yamejaa na kwenye kila moja wamebanana wanne.

Nafurahi kwamba amekuja. Nataka hilo lijulikane kabla sijasema mengine. Nimeanza kazi hii kabla ya Waraka wa Elimu namba 5 wa mwaka 2015, agizo la serikali la elimu bure hapa Tanzania, na nakumbuka tulivyokuwa tukisoma majina mstarini na kuwarudisha watoto nyumbani wafuate michango. Wengine hawakurudi. Januari 2016 michango ya lazima ilipoondolewa, tuliwaona watoto wa miaka tisa na kumi wakija kuanza darasa la kwanza, wakubwa, wenye aibu, na hamu ya kusoma imewajaa.

Lakini hesabu yangu ya usiku huu ni hii. Kipindi cha darasa la kwanza ni dakika 30. Mtoto hajui kusoma mpaka mwalimu amsikilize akisoma, yeye mwenyewe, silabi kwa silabi. Nikimpa kila mmoja dakika moja tu, nahitaji zaidi ya saa mbili. Kwa hiyo wanaitikia kwa pamoja, "ba, be, bi, bo, bu", darasa zima linavuma, na ndani ya sauti ile wamo wanaofungua midomo tu. Nawajua kwa macho. Majina yao bado nachanganya, na hilo linaniuma kuliko yote. Kiwango cha serikali ni wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja. Mimi nina karibu madarasa matatu ndani ya chumba kimoja.

Mama yangu alisoma miaka ya mwisho ya sabini, wakati wa UPE, mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Alifundishwa na mwalimu aliyemaliza darasa la saba na kufundishwa ualimu hapo hapo kazini. Kwa hiyo hili la mlango kufunguka kabla walimu hawajatosha si geni nchini kwetu. Ndiyo maana naona hatukupaswa kulirudia.

Fedha nazo. Ruzuku ya shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. 4,000 hubaki serikalini kwa ajili ya vitabu, 6,000 huja shuleni. Ni 500 kwa mwezi. Humo mna chaki, karatasi za mitihani, bawaba ya mlango, kila kitu. Uji haumo. Waraka wa 2016 ulieleza wazi kwamba sare, madaftari na chakula cha mwanafunzi wa kutwa ni juu ya mzazi, ila neno lililofika kijijini ni moja tu: bure. Kwenye kikao cha wazazi mwaka jana tulipoomba mahindi ya uji, baba mmoja alisimama akauliza, "Mwalimu, bure gani hii yenye debe?" Akapigiwa makofi. Simlaumu, alidaiwa miaka mingi. Mwalimu mkuu naye aliogopa kusisitiza, asije akaambiwa anachangisha kinyume cha agizo. Uji ukafa. Saa tano watoto wanalala juu ya madaftari.

Yule mgeni wa leo hakulala. Wenzake walipotoka alibaki, akaandika "a" kwa kidole kwenye vumbi la sakafu, akaniangalia. Nikachuchumaa. Mkia wa herufi aliuelekeza kushoto. Nikamshika mkono tukaandika tena, mara tatu, ya nne akaandika peke yake. Kengele ikalia, darasa la pili wakaanza kuingia, maana chumba ni chao mchana, wakapita juu ya vumbi lile.

Kesho nitafika saa kumi na mbili na nusu. Nitaanza na wale kumi wa safu ya nyuma, mmoja mmoja.