Glovsi zilezile, kitanda hadi kitanda

Mwezi uliopita mama alilazwa nikakaa naye wodini siku tatu. Mimi mwenyewe ni nesi, mwaka wa 9 huu kazini, ila nilivyokaa kwenye stuli ya ndugu wa mgonjwa niliona mambo ambayo nikiwa zamu yananipita. Asubuhi sista kaingia na glovsi zake mkononi, kafungua dresingi ya kidonda cha bibi wa kitanda cha jirani, kasukuma toroli, kaandika kwenye faili, simu ikaita kaitoa mfukoni kapokea, halafu huyoo anakuja kwa mama kumpa dawa kwenye kanula, kile kimpira kinachoingia kwenye mshipa. Nikamwambia taratibu, dada angu naomba ubadilishe glovsi kwanza. Akaniangalia, "si nimevaa lakini?"

Hilo jibu halijanitoka kichwani mpaka leo. Jamani glovsi inashika wadudu kama mkono unavyoshika, tena afadhali mkono mtupu ukiloa usaha unasikia unakimbilia bomba, ndani ya glovsi pakavu husikii chochote unajiona msafi mpaka kitanda cha mwisho. Na ukishavua bado unatakiwa unawe, kwa sababu zinakuwa na vitobo ambavyo macho hayaoni na wakati wa kuvua ni rahisi mno kujipaka. Sanitaiza sekunde 20 hadi 30, sabuni na maji sekunde 40 hadi 60, mikono ikiwa inaonekana chafu basi ni sabuni tu. Kuzipaka glovsi sanitaiza ili uendelee nazo hapana, vua tupa.

Najua mtasema boksi lenyewe linaisha kabla ya mwezi, nesi mmoja wagonjwa 30, nayajua hayo nayaishi. Lakini tunazimalizia wapi? Tunavaa kupima presha, kutandika shuka kavu, kumshika mtu bega, kazi ambazo mikono misafi inatosha kabisa, halafu ikija damu au choo ndo tunaambia ndugu wakanunue nje.

Basi yule sista akavua, bomba lilikuwa mbali, nikatoa kichupa changu cha sanitaiza kwenye pochi nikamminia. Akasugua viganja akataka kuishia hapo, nikamwambia na vidole gumba dada, na katikati ya vidole. Akasugua vyote, akasubiri vikauke, akachukua glovsi mpya ndo akashika kanula ya mama.