Mshauri nasaha wa kisiwani na muhali wake

Vitabu vya saikolojia vinamwambia mshauri nasaha ale vizuri, alale mapema na atenganishe kazi na maisha yake. Mawili ya mwanzo yanawezekana. La tatu limeandikwa na watu wa miji mikubwa, ambako mteja akishafunga mlango humwoni mpaka wiki ijayo. Wete au Chake Chake, mteja wa asubuhi utamkuta sokoni saa 10 jioni, na Jumapili mmealikwa harusi moja. Ndiyo maana naanza na muhali, ile haya ya kumkatalia mtu unayejuana naye. Naona unawachosha wanasaikolojia wa visiwa hivi vya Zanzibar kuliko idadi ya wateja.

Mtu anakusimamisha soko la Darajani, mkoba wa samaki mkononi: "Samahani bibie, yule mtoto bado halali usiku, nikuulize kidogo tu." Hiyo kidogo tu inakula dakika 20. Masikio yako pande zote, hakuna kinachoandikwa, nawe unarudi nyumbani umebeba kesi isiyomo daftarini. Jibu liwe tayari mdomoni kabla ya siku hiyo: "Jambo hili linataka sitara bibie, hapa njiani si pahala pake. Jumatatu saa 3 nakusubiri kazini." Linakubalika kwa sababu linamlinda yeye. Ukisema "saa hizi sifanyi kazi", utaambiwa umeota pembe.

Salamu nazo zipangwe siku ya kwanza. Kwengine mshauri hufundishwa asubiri mteja aanze kumsalimu. Kwetu kumpita mtu kimya ndiko kunakozua maswali, watu watataka kujua mna nini. Kubalianeni mtasalimiana kama majirani na hutomuuliza "unaendeleaje".

Yako yasiyongoja Jumatatu. Mtu akitamka kwamba anataka kufa, msogeze pembeni, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua, asiachwe peke yake, aitwe jamaa anayemwamini, na apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Aliyeko Pemba aanzie hospitali iliyo karibu, isingojwe meli ya kwenda hospitali ya akili ya Kidongo Chekundu, Unguja.

Ukiacha muhali, kosa jengine ni kuuita kila uchovu jina moja. Kuchoka na kazi huja polepole: wateja wengi, mafaili, kikao juu ya kikao. Shirika la Afya Duniani limeutaja katika orodha yake ya magonjwa, ICD-11, kuwa hali itokanayo na kazi, si ugonjwa, na ina alama tatu: nguvu kuisha, moyo kujitenga na kazi au kuidharau, na kuona hufanyi la maana. Kiwewe cha kupokea kwa masikio, yaani maumivu ya mteja yanayokuingia kwa kuyasikiliza, ni kitu chengine. Kinaweza kuingia ghafla, hata baada ya kisa kimoja cha mtoto aliyedhalilishwa. Unaota aliyoyaota mteja, unakwepa njia ya mtaa ule, unastuka mlango ukigongwa. Tofauti hii ina maana, kwa sababu likizo ya wiki mbili humsaidia wa kwanza kama mzigo utapunguzwa akirudi, lakini wa pili atakwenda likizo na picha zake kichwani. Huyo anahitaji kukaa na mwanasaikolojia mwenzake, akiwa mteja kamili.

Kipimo kinachotumika sana kuzipima hali hizi mbili ni ProQOL, dodoso unalojijazia mwenyewe. Kina sentensi 30 kuhusu siku 30 zilizopita, na kila moja unaipa namba kuanzia 1 hadi 5. Kinatoa alama tatu zisizojumlishwa pamoja: ridhaa ya kusaidia (raha unayoipata kwa kusaidia watu), uchovu wa kazi, na kiwewe cha kupokea. Kwa toleo la 5, alama 22 kushuka chini ni kiwango kidogo, 23 hadi 41 cha kati, 42 kwenda juu kikubwa. Watu hukosea pahala pamoja: sentensi za 1, 4, 15, 17 na 29 hugeuzwa, 5 ikawa 1 na 4 ikawa 2. Ukisahau, aliye mzima ataonekana kachoka. Usikijaze Ijumaa ya wiki mbaya. Kijaze kila miezi mitatu na ujilinganishe na wewe mwenyewe.

Usimamizi wa kitaaluma, yaani kukaa na mwenzako mzoefu mkazungumzia kesi zako, ndio dawa yenyewe, nao kisiwani una mtego. Chama cha washauri nasaha cha Uingereza, BACP, kinawataka wanachama wake wenye ithibati wapate angalau saa 1 na nusu kwa mwezi. Muda unapatikana, siri ndiyo ngumu. Ukisema tu "mke wa mwalimu wa skuli fulani", msimamizi keshamjua, pengine ni shangazi yake. Ondoa kijiji, kazi na ukoo, badilisha umri, bakisha kinachokusumbua wewe. Bora zaidi msimamizi awe kisiwa chengine au bara, mzungumze kwa simu mlango ukiwa umefungwa. Na kabla hujamtua mwenzako kisa kizito, muulize kama ana nafasi leo, halafu mpe kiasi kinachohitajika. Yule naye ana masikio ya nyama.

Mpango wa siku sina mengi ya kuusemea: dakika 10 baina ya mteja na mteja, visa viwili vizito visifuatane, maelezo yaandikwe kabla ya kutoka ofisini. Ujumbe wa sauti wa wateja usisikilizwe kitandani. Waambie tangu mwanzo saa za kujibu, na nani wa kumpigia usiku pakiwa na hatari.

Kahawa ya barazani ni tamu, ila nusu ya kafeini hubaki mwilini kwa saa 5 hivi. Vikombe vya saa 3 usiku bado vinafanya kazi saa 8, nawe unadhani ni mteja anayekukosesha usingizi. Kabla ya Ramadhani punguza kikombe kimojakimoja kwa wiki nzima, la sivyo kichwa kitakugonga siku za mwanzo za funga. Na mwezi huo, wateja wenye visa vizito wawekwe asubuhi, kabla ya saa 5.