Jinsi nilivyomaliza ugomvi wa "simu haikuwa kwenye boksi"

Nauza simu mtandaoni, niko Moshi. Mteja wa Dodoma alinipigia: "Kaka, humu mna vipande vya sabuni!" Sikuwa na ushahidi, nikamrudishia pesa yote. Iliniuma sana.

Siku hizi, kabla ya kufunga mzigo, nabonyeza *#06#, zinatokea tarakimu 15 za IMEI, yaani namba ya utambulisho ambayo kila simu ina yake. Narekodi video bila kukata mpaka nasaini juu ya selotepu. Ofisi ya basi naomba uzito uandikwe kwenye risiti. Makarani wengine hugoma, nami sibanduki. Mteja hufungulia mzigo palepale kaunta, akijirekodi.

Juzi mwingine alidai nimembadilishia simu. Nikamwomba abonyeze *#06#. Namba zikalingana na za video yangu, akaniomba radhi.